Kidani cha Fatuma kwa sonara wa Mkunazini

Mjukuu wangu katimiza miaka 2 na juzi kaachishwa ziwa, nikaona ndio wakati wa kumtilia jina lake kwenye dhahabu. Nikenda kwa sonara mmoja Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, kiduka chembamba, fundi kainamia koleo chini ya taa. Nikamwandikia kwenye karatasi: FATUMA.

Siku ya tatu ananipa kidani, nasoma: FATMA.

“Mama, wote sasa ndivyo wanavyoandika.”

Kweli, hata vyetini. Nikamwambia, mwanangu, hilo ni jina la bibi yangu wa Wete, na hiyo u ni yetu. Waarabu husema Fatima, kama binti wa Mtume (S.A.W.), na asili yake ni neno la kumwachisha mtoto ziwa. Katika usemi wa haraka i humezwa, huwa Fatma. Lilipofika pwani, ulimi wetu haukupenda t na m zigandane, tukatia u katikati. Ndivyo alivyoitwa Mwana Fatuma, malkia wa Unguja, aliyewapelekea chakula Wareno wa Ngome ya Yesu Mombasa walipozingirwa na Waomani kuanzia 1696, na kwa hilo Waomani wakamhamishia kwao. Ndivyo alivyoitwa mwimbaji Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa Bi Kidude mpaka alipofariki 2013. Sasa mimi niifute kwa mjukuu wangu?

Hakubisha. Alikata upya na hakuniongezea hata shilingi. Ujira ulibaki 50,000, mbali na dhahabu yenyewe, karati 21, ambayo aliipima mbele yangu na kuiandika uzito kwenye risiti.

Kazi ni nzuri sana. Nilipitisha kidole gumba nyuma ya kila herufi: laini, hakuna ncha ya kushika nguo. Ile U kaipinda mabega kidogo, kama mwezi mwandamo, na kalehemu pande zote mbili kwenye mkufu. Ila kulabu ya kufungia ni nyembamba mno kwa mtoto. Itazameni kabla hamjalipa. Mimi nimeibadilisha.

Mukenda, mwandikieni fundi jina kwa herufi kubwa na mumwambie alisome kwa sauti.

Idi tulimvisha. Kaishika ile U kwa vidole viwili, kaitazama, kisha kaitia mdomoni.