Uzoefu wangu: banda la mabati la treni ya mezani, nililochora kwa Inkscape

Nina treni moja ya mfano, kichwa na mabehewa manne, kipimo cha OO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 76. Mjomba alirudi nayo kutoka Uingereza. Kwa miaka miwili ilizunguka juu ya plaiwudi tupu, maana nyumba za plastiki za kuagiza, ukishajumlisha usafiri na ushuru, hamu yote inakwisha. Baadaye nikagundua kuna nyumba za karatasi za kukata na kubandika. Unalipia faili la PDF mara moja, unaliprinti utakavyo, ukiharibu ukuta unaprinti mwingine.

Nikanunua moja, nikaipeleka saiba. Kijana wa pale akanikabidhi karatasi akitabasamu: "Mzee, nimeibana kidogo ndiyo iingie vizuri." Sikulitilia maanani neno hilo. Ukuta uliotakiwa kuwa na milimita 180 ulikuwa umetoka na 169. Paa nililiprinti wiki iliyofuata kwingine, likatoka kamili, na siku ya kuliweka likawa kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Tangu hapo kabla ya kulipa nasema: asilimia 100, usiibane, na natoa rula mfukoni nikapima pale pale kaunta.

Ile nyumba, nilipoirudia, ilipendeza. Lakini ilikuwa ya matofali mekundu na dohani mbili. Dohani mbili hapa Changamwe, Mombasa, za kumpasha nani joto? Nilichotaka ni banda la mizigo la mabati, la aina ile ninayoiona kando ya reli ya zamani, na hilo hakuna aliyekuwa akiliuza. Ndipo nikaanza kutumia Inkscape.

Inkscape ni programu ya bure ya kuchora, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Siku tatu za kwanza nilihangaika, na kosa lilikuwa langu: nilianza kuchora kabla ya kuweka kipimo cha ukurasa kwenye milimita, kisha nikawa nagawanya na kuzidisha hadi kichwa kikauma. Weka milimita kwanza. Mengine yatafuata.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe. Bati la mawimbi la zamani, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni inchi 3, yaani milimita 76. Na kipimo cha OO ni 1:76. Kwa hiyo wimbi moja la bati ni milimita moja kwenye karatasi, bila hesabu yoyote! Nilipiga picha ukuta wa banda nikiwa nimesimama mbele yake sawasawa, nikarudi nyumbani, nikaanza kuhesabu migongo kwenye skrini. Dirisha mawimbi 12. Mlango mkubwa 32, karibu mita 2.4. Ukuta mzima 180. Kimo nilikipata kwa kulinganisha na upana wa mlango kwenye picha ile ile. Sikubeba tepu, wala sikulazimika kumweleza mlinzi yeyote kwamba napima banda nikalijenge mezani.

(Wajuzi watasema upana wa njia ya OO kati ya reli na reli, milimita 16.5, ukiizidisha mara 76 unapata mita 1.25, na reli yetu ya zamani ni mita moja kamili. Najua. Treni ilikuja kabla ya banda.)

Kuchora mawimbi 180 kwa mkono ni adhabu. Inkscape ina nakala zinazomfuata mama yao: unachora wimbi moja, upande wa mwanga na upande wa kivuli, unaiamuru ikupangie mengine 179, na siku ukibadilisha rangi ya lile la kwanza, yote yanabadilika. Nilianza na fedha ya bati jipya, ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nikashusha hadi kijivu, nikaongeza kutu karibu na misumari na chini ambako mvua hurukia. Hapo likawa banda. Tena tangu toleo la 1.2 la mwaka 2022, faili moja linabeba kurasa kadhaa, hivyo kuta, paa na sakafu vinakaa pamoja.

Upande wa vifaa sitasema mengi. Kuta naziprinti kwenye karatasi ya kawaida, nazibandika juu ya boksi la Weetabix, mara mbili au tatu, kila tabaka likikingamana na la chini yake, kisha usiku mzima chini ya vitabu vizito. Joto na unyevu wa Mombasa hupinda kila kitu usichokandamiza. Wino wa printa ya maji huchuruzika ukigusana na gundi mbichi. Ule wa leza hauchuruziki ila hupasuka kwenye kunjo, kwa hiyo pitisha kwanza kalamu iliyoisha wino. Kingo nyeupe zipake penseli ya rangi; usipofanya hivyo banda lote litasema "mimi ni karatasi".

Nilipotaka kuwagawia wenzangu ndipo nikashtuka: sakafu ya matofali nilikuwa nimeikwangua kutoka kwenye ile nyumba niliyoinunua. Kuprinti kwa ajili yangu nimelipia, kuigawa sikulipia. Nikaifuta nikachora sakafu ya saruji yenye nyufa, jioni mbili nzima, na kwa kweli ndiyo inayofaa zaidi.

Wa kwanza kulipokea faili ni shemeji yangu aliye Ohio, ajenge na wanawe. Akanijibu kwa picha ya banda lisilo na ncha ya ukuta. Karatasi za kwao si A4. Zao zina milimita 216 kwa 279, zetu 210 kwa 297, na nilikuwa nimejaza ukurasa hadi chini. Nikapanga upya kila kitu kiingie ndani ya 190 kwa 265, na kila ukurasa nikauwekea mstari wa milimita 100 wa kupimia. Pia nikarefusha ndimi za gundi, vile vipande vya pembeni vya kukunja na kubandika, kutoka milimita 4 hadi 7, maana vidole vya watoto wake vilishindwa kuzishika.

Inkscape naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeibakiza kwa sababu ya zile siku tatu, ingawa nimekiri kosa ni langu. Toleo la pili la banda limefika Ohio juzi. Shemeji anasema limesimama wima, na watoto wamelichorea mbuzi wawili juu ya paa.