Mashudu ya kulishia samaki Malindi: kagua kuvu kabla ya kuuliza bei

Wafugaji wa ngege na kambare huku Malindi wanalalamikia jambo moja: samaki wanakula lakini hawakui. Dukani huuliza protini na bei. Unyevu hawaulizi, na hapo ndipo pesa inapopotelea.

Mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yakilala sakafuni wakati wa masika huota kuvu, na kuvu huweza kutoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini la samaki. Kuchemsha hakuiondoi, kuanika pia hakuiondoi. Muuzaji akikwambia "yaanike tu, yatakuwa sawa", mwachie gunia lake. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Pakiwa na joto, mashudu yameanza kuharibika. Vunja bonge utazame ndani kama kuna ukungu wa kijani au kijivu. Soya nzima itie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Usinunue.

Namba moja ni mashudu ya soya, protini asilimia 44 hadi 48, mradi yamepita motoni: soya mbichi humzuia samaki kusaga protini. Ya pili ni alizeti iliyotolewa maganda. Ya tatu ni nazi, ambayo kwetu haikosekani. Ina protini kama asilimia 20, ila mafuta yake huchacha upesi, kwa hiyo nunua yaliyokamuliwa karibuni. Pamba ina sumu iitwayo gosipoli, tia kidogo tu. Pumba na azola, mmea mdogo unaoelea majini, ni nyongeza. Kwa vifaranga, mimi ni wa chakula cha kiwandani cha Skretting, chembe zinazoelea. Mchanganyiko wa nyumbani hauwatoshi.

Kwa ngege wakubwa, kilo 100: soya 40, nazi 20, pumba ya ngano 33, unga wa muhogo 5, madini na vitamini 2. Protini itafika kama asilimia 27. Muhogo upikwe uji mzito kwanza, la sivyo chembe zitayeyuka majini kabla hazijaliwa.

Kinachoudhi zaidi ni maduka yanayofungua gunia la kiwandani, kutupa lebo na kupima kwa debe. Hujui tarehe, hujui protini, na bei haipungui hata shilingi. Dai gunia lililoshonwa, lipimwe mbele yako, na ukifika nyumbani liweke juu ya mbao, mbali na ukuta.