Visual FoxPro au Progress kwa duka la jumla Lubumbashi?

Zote mbili ni lugha za kizazi cha nne, yaani lugha za kuandikia programu za kompyuta kwa amri fupi, hasa za kushughulikia data. Kwa hesabu za stoo na madeni hapa Lubumbashi, mimi nachagua Progress.

FoxPro ni nyepesi, inakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu. Kwa karani mmoja inatosha. Ila jedwali lake haliwezi kupita GB 2, na Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2015.

Kubwa zaidi ni umeme. Ukikatika karani akiwa katikati ya ankara, faharasa za FoxPro (orodha za kutafutia rekodi haraka) huharibika kirahisi, na kazi inaweza kubaki nusu: saruji imeshapunguzwa stoo, deni la mteja halijaandikwa. Progress huweka kwanza kumbukumbu ya hali ya awali. Ikiwashwa tena, hutengua yenyewe muamala ulioishia njiani. Leseni yake ni ghali, kwa hiyo ulizia bei kabla hujaandika mstari wa kwanza.