TAHADHARI: Kapi na vibano vya demani vinavyouzwa kama "orijino" na sivyo

Kwa wote wenye mashua ndogo za tanga, kuanzia Optimist za watoto hadi Laser, iwe Kilifi, Mombasa, Tanga, Msasani au Unguja: zipo seti za kapi na vibano (taya za kushikia kamba) vya demani, yaani kamba ya kuvutia na kuachia tanga, zinazotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kwa maneno "stenlesi 316, orijino, zimebaki chache" (316 ni daraja la stenlesi linalovumilia maji ya bahari). Bei yake ni ya kuvutia mno kwa kitu kinachodaiwa kutoka kiwandani. Majina ya wauzaji na namba za simu hubadilika, kwa hiyo hapa hatumtaji mtu. Angalieni mtindo wao na bidhaa yenyewe.

Mtindo ni huu. Picha ni safi, kapi iko kwenye mandhari meupe, yaani imetolewa kwenye katalogi ya mtu mwingine. Ukiomba picha ya mzigo halisi unaambiwa uko stoo, kesho. Bei ni ya leo tu, na hela yote inatakiwa kabla. Ukishatuma, baada ya siku mbili tatu unaambiwa mzigo umekwama forodhani, ongeza kiasi fulani utoke. Usiongeze. Ushuru wa forodha una hati zake na hulipwa serikalini, haulipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Anayekula hela na kupotea amekuibia hela tu. Anayekuletea kapi mbovu ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu utaifunga na kwenda nayo baharini. Demani ndiyo inayoamua kama mashua inasimama au inalala. Upepo ukizidi unaachia demani, tanga linamwaga upepo, mashua inajinyanyua. Kamba ikigoma kutoka, kwa kibano kilichouma au roda (gurudumu la ndani ya kapi) iliyokwama, mashua inapinduka huku umeishika kamba mkononi.

Tuanze na kibano, maana hapo ndipo wengi wanadanganywa. Muuzaji atakuonyesha video kamba imebanwa, mtu anaivuta, haitoki, naye anashangilia. Video hiyo haina maana. Kushika ni kazi rahisi, hata meno ya plastiki hushika. Kinachotakiwa ni kuachia chini ya mzigo, kwa mkono mmoja. Jaribu hivi: funga kibano kwa bolti kwenye ubao usiosogea, funga ncha moja ya kamba kwenye mti, pitisha kamba kwenye taya, kisha egemea nyuma kwa uzito wako wote mpaka kamba ikaze kama waya na taya ziishike. Sasa vuta kidogo na uinyanyue juu. Kibano kizuri huachia papo hapo. Kibovu hukulazimisha kutikisa mara mbili au tatu, na baharini huna mara mbili.

Sababu iko ndani. Kwenye vibano vingi vizuri vya taya mbili, kila taya huzunguka juu ya gololi ndogo, kwa hiyo hufunguka hata ikiwa imeelemewa. Kwenye hivi vya ujanja hakuna gololi. Taya imechomekwa moja kwa moja kwenye shina la skrubu, na mzigo ukija, plastiki husuguana na chuma na kuganda. Ukikishika mkononi utakijua: zungusha taya kwa kidole. Yenye gololi huenda laini na kurudi yenyewe kwa springi. Isiyo nazo inakwaruza, na mara nyingi taya moja inarudi upesi kuliko mwenzake. Ukiona pengo kati ya taya na kitako chake, taya inacheza juu chini, rudisha.

Kipimo nacho kinadanganya. Vibano vya taya mbili vina saizi mbili zinazojulikana: kidogo, matundu yake ya skrubu yameachana milimita 27, kwa kamba ya milimita 3 hadi 6, na cha kawaida, milimita 38, kwa kamba ya 3 hadi 12. Demani ya mashua hizi kwa kawaida ni kamba ya milimita 7 au 8. Muuzaji akikuletea cha 27 na kusema "kinafaa tu", hakifai. Taya zitabaki zimepanuka hadi mwisho, zitang'ata kamba kwa ncha na kuila.

Sasa kapi ya racheti, ile ya sakafuni inayokupunguzia mzigo mkononi. Ndani ina ulimi unaozuia roda isirudi nyuma, na roda yenyewe ina pembe ili kamba isiteleze. Ukivuta demani unasikia tik-tik-tik. Tanga likivuta kamba, roda inasimama na msuguano unabeba sehemu kubwa ya mzigo. Za ujanja zina sauti ileile ya tik-tik, lakini roda ni laini na mviringo kama gurudumu la cherehani, kwa hiyo kamba inateleza juu yake na mkono wako unabeba yote. Nyingine zina ulimi wa bati unaoruka mzigo ukizidi.

Chukua dumu la lita 5, lijaze maji, una kilo 5. Tundika kapi, pitisha kamba ya milimita 8 izunguke nusu duara, dumu likae upande ambao tanga lingevuta. Kwa racheti ya kweli vidole viwili vinashikilia dumu bila taabu. Ukilazimika kukunja ngumi, umeuziwa kapi ya kawaida yenye kelele. Ila kabla hujamlaumu muuzaji, hakikisha kitufe cha racheti kimewashwa na kamba haikuingizwa kinyume. Kosa hilo ni la kawaida sana, na kapi nzima kabisa huonekana mbovu.

Kuhusu uzito wanaoandika, "inabeba kilo 500": muulize ni mzigo wa kazi au wa kuvunjika? Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na mtengenezaji wa kweli huandika vyote viwili. Tena kumbuka kamba ikigeuka nyuzi 180 kwenye roda, kapi inabeba mara mbili ya mvuto wa kamba. Ikigeuka nyuzi 90, kama mara 1.4. Na upepo ukiongezeka kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, nguvu kwenye tanga haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Laser yenye tanga la mita za mraba 7.06 katikati ya kusi si mchezo wa kapi ya kamba ya kuanikia nguo.

Ndiyo, kapi za pazia na za vyuma vya mazoezi zimeshauzwa kama za mashua. Utazijua kwa roda ya nailoni ya kawaida. Nailoni hunywa maji na kuvimba. Siku ya kwanza inazunguka vizuri dukani, baada ya siku majini inabana kwenye mashavu ya kapi. Iloweke ndani ya maji saa 24, kisha izungushe. Ikiwa nzito kuliko jana, iache.

Chuma: wengi wanategemea sumaku. Ikikamata kwa nguvu, si 316, hilo halina ubishi. Lakini isipokamata haijathibitisha kitu, kwani stenlesi ya daraja la chini nayo huweza kukataa sumaku na bado ikaota kutu baharini. Springi ya stenlesi inaweza kuvutwa kidogo, hilo ni la kawaida. Kipimo cha uhakika zaidi ni kitambaa kilicholowa maji ya bahari: funga kapi ndani yake, tia kwenye mfuko wa plastiki, siku tatu. Kutu nyekundu, au unga mweupe usio chumvi, ni dalili ya chuma cha kawaida kilichopakwa au stenlesi ya daraja la chini.

Skrubu fupi zinazokuja na seti zitupeni zote. Kibano hufungwa kwa bolti inayopita hadi upande wa pili, milimita 5 kwa kile cha 38, na washa (kisahani cha bolti) pana nyuma. Skrubu kwenye fibaglasi tupu hung'oka na kipande chake. Kwenye mti wa chini wa tanga ulio wa alumini, paka grisi nzito kati yake na stenlesi, la sivyo chumvi itautoboa mashimo.

Kabla ya kulipa, muombe muuzaji namba ya bidhaa. Watengenezaji wa kapi kama Harken, Ronstan na Allen wana katalogi mtandaoni, kila kapi na namba yake, kipimo na mzigo wake, linganisha. Jina la kampuni liwe limechorwa kwenye mwili wa kapi, si stika. Omba video fupi: kapi mkononi, rula pembeni, karatasi yenye tarehe ya leo, na roda inazungushwa. Mwenye mzigo anaitengeneza ndani ya dakika mbili. Lipa ukiishika.

Kama umeshanunua na imeshindwa majaribio, itoe kwenye demani leo. Usimuuzie mwenzako wala usiiache kwenye mashua ya mafunzo. Hifadhi ujumbe wa malipo na jina lililotokea kwenye simu, piga picha za kapi ikiwa imefunguliwa, na uziweke hapa chini pamoja na tangazo ulilonunulia.