Redio koli ya bei nafuu: ipi ya mlimani, ipi ya ukumbini, ipi uiache dukani

Nilianza kuzifuatilia redio koli kwa sababu ya pilau. Tulikuwa kamati ya harusi hapa Moshi, na kijana mmoja alituletea redio sita ndogo ili jikoni, mapokezi na MC waongee bila kupigiana simu. Nikabonyeza, nikasema, "Jikoni, meza ya wakwe bado pilau." Akajibu mzee nisiyemjua: "Hapa ni saiti, mwanangu. Na sisi hatujala tangu asubuhi." Alikuwa mlinzi wa jengo linalojengwa mtaa wa pili. Redio yake ilikuwa ya aina ileile kama zetu, imetolewa kwenye boksi na kuwashwa hivyohivyo, chaneli ya 1. Mzee tulimpelekea sahani, lakini MC hakufurahi.

Tangu hapo, kila jamaa anayepeleka wageni mlimani au kulinda geti ananiuliza anunue ipi. Jibu langu huanza na swali: utakuwa umesimama wapi, na unayeongea naye atakuwa wapi? Wazee waliziita simu za upepo, lakini upepo wenyewe haupenyi mlima.

Boksi litakuambia kilomita 10, mengine hadi 50. Usilisikilize. Watu wawili wenye redio mkononi, wamesimama kwenye tambarare isiyo na nyumba wala miti, hufika kama kilomita 10 tu kabla mviringo wa dunia haujawaficha. Weka nyumba za Majengo au Kaloleni katikati, utapata kilomita moja au mbili. Upande wa pili, mtu aliye juu ya mteremko usio na kizuizi anaweza kusikika mbali sana kwa redio hiyohiyo. Huko Kilimanjaro, kambi ya Barranco imekaa bondeni chini ya ukuta wake wa mwamba. Ukishavuka ukuta ule kuelekea Karanga, jiwe lote lile liko kati yako na uliyemwacha nyuma. Hapo hakuna redio ya mkononi ya kukuokoa. Unamweka mtu juu ya ukuta apokee na kupasha habari, kama zilivyokuwa zikipokezanwa mbiu.

Wati nazo zinawachanganya watu. Muuzaji atakuambia hii ni ya wati 5, ile ya wati 8, ongeza hela kidogo. Tofauti hiyo sikio lako halitaigundua. Ili msikiaji aone nguvu imeongezeka kweli, inabidi wati ziwe kama mara nne. Hela hiyo iweke kwenye antena.

Kabla hujafungua pochi kuna habari ya sheria, na hii siiachi nyuma. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, masafa ya redio (mawimbi unayorushia sauti) hayatumiki bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kifaa chenyewe kinapaswa kuwa kimeidhinishwa. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Waulize kuhusu modeli unayoitaka kabla hujainunua. Redio nyingi za bei nafuu kutoka China zinaweza kurusha kwenye masafa yoyote utakayoandika, hata ya watu wengine wenye kazi nyeti, na si hapa tu jambo hilo linasumbua: mwaka 2018 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilitoa onyo kwa wauzaji na watumiaji wa redio za namna hiyo. Ukishapewa masafa yako, mpe fundi ayaingize kwa kebo na kompyuta, kisha afunge vitufe. Vijana wa kazi wabaki na chaneli tu.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Baofeng UV-5R. Imekuwa sokoni tangu 2012 na bado naiweka juu, si kwa uzuri wake bali kwa sababu fundi yeyote anayegusa redio anaijua, na betri, antena na vipaza sauti vyake vimejaa. Inashika VHF (masafa ya chini) na UHF (ya juu zaidi) zote mbili, na hilo ndilo la maana kwetu. VHF inavumilia msitu mbichi kuliko UHF, kwa hiyo kwa njia za Machame na Umbwe, ambako majani hudondosha maji siku nzima, ndiyo ninayoitaka. UHF inajipenyeza vizuri zaidi kwenye majengo. Ina chaneli 128, ina tochi, na inashika redio za FM, jambo ambalo wapishi huligundua siku ya kwanza na kukumalizia betri kwa taarabu. Mtandaoni huuzwa karibu dola 25, kabla ya usafiri na ushuru.

Aibu zake ni mbili. Maji haiyawezi; mvua ya Machi itaikuta hata mfukoni. Na chaja yake ya asili ni kile kitako cha mezani, hivyo pawabenki unayochajia simu haitaifaa.

Ndiyo maana ya pili, Quansheng UV-K5, inaifuata kwa karibu mno. Ina tundu la USB-C la kuchajia, ileile waya ya simu. Kwa safari ya siku saba au nane bila umeme, ukiwa na pawabenki na paneli ndogo ya sola, hiyo peke yake ingetosha kuipandisha juu. Kinachoirudisha nyuma kwangu ni kwamba ni mpya zaidi, vipuri vyake ni vya kutafuta, na vijana wanaopenda kuchezea programu wamejua namna ya kuibadilisha ifanye mambo ambayo haikuruhusiwa. Ukiona inauzwa na mtu anayejisifu kuwa "ameifungua", muage kwa heshima.

Ya tatu naiweka Baofeng UV-9R, kwa anayelowa kila siku. Hutangazwa kuwa haiingizi maji, na imetengenezwa imara kuliko ndugu yake. Sijawahi kuizamisha kwa makusudi na sikushauri ujaribu.

Ya nne, Baofeng BF-888S, ndiyo ile ya pilau. UHF pekee, chaneli 16, haina kioo, ina kitufe cha kuzungusha, basi. Huuzwa jozi, na bei ya jozi inakaribia bei ya UV-5R moja. Kwa ukumbi, shule, geti au ghala inatosha kabisa. Watu hawapotei ndani yake kwa sababu hakuna pa kupotelea. Ila ukiiwasha kama ilivyotoka kiwandani, uko masafa yaleyale na kila aliyenunua kama wewe. Muuzaji atasema inazo "kodi za siri", yaani namba za kuchuja sauti, si kodi ya serikali. Si siri. Ile kodi inakuzuia wewe usiwasikie wengine. Wao wanakusikia vizuri tu, pamoja na habari za mahari ulizokuwa unanong'ona. Modeli za Retevis H-777 ni mapacha wake. Chukua iliyo rahisi.

Kuna pia mtumba wa redio za kazi, kama Motorola GP340. Ni nzito, imara, na ikianguka kwenye mawe unaiokota na kuendelea. Sijaipa namba kwa sababu kila moja ni bahati yake: kabla ya kulipa hakikisha ni ya VHF kama unataka VHF, maana zipo za UHF zenye sura ileile, na hakikisha fundi wako ana kebo na programu yake ya zamani. Bila hivyo umenunua tofali la kupendeza.

Ya mwisho kabisa ni zile za rangi za Motorola Talkabout, ambazo wageni huja nazo kutoka Ulaya na kumuachia mwongoza wageni kama zawadi. Ni nzuri huko kwao, ambako nusu wati kwenye megahezi 446 haileti matatizo wala haidai leseni. Lakini uhuru wa kwao si leseni ya kwetu, na antena zake haziondolewi. Pokea zawadi, shukuru, usiijengee kazi.

Turudi kwenye antena. Ile fupi inayokuja na UV-5R ibadilishe na ndefu ya VHF na UHF, kama Nagoya NA-771, na utaona tofauti kuliko wati zozote. Za bandia ni nyingi. Linganisha uchapaji wa maandishi na uzito.

Betri ndiyo itakayokuaibisha. Usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, baridi huinyonya betri ya lithiamu iliyokuwa imejaa jioni. Iweke ndani ya koti, karibu na mwili, na uwe na ya akiba mfuko wa ndani wa upande mwingine. Dukani, Barabara ya Sokoine kule Arusha au hapa Moshi, usikubali kuoneshwa taa tu: washa redio mbili, mmoja atoke nje hadi kona, ongeeni. Hakikisha betri inakaa bila kucheza.

Na kama utanunua vipaza sauti vya sikioni, jua kwamba UV-5R, BF-888S na UV-K5 hutumia pini mbili za aina moja, lakini UV-9R ina tundu lake la kufunga kwa skrubu. Jamaa yangu alinunua kumi bila kuuliza, na kwa UV-9R alizonazo hakuna hata kimoja kinachoingia.