Kuchapa Riwaya ya Kwanza kwenye Steshenari za Mbeya na Iringa: Ndani Safi, Gundi Dhaifu

Huduma ninayoipima hapa ni ya steshenari zinazoishi kwa kazi za wanafunzi: za Iyunga karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, za Mwanjelwa, na kwa upande wa Iringa za Kihesa na katikati ya mji. Kazi yao ya kila siku ni kutoa kopi, kuprinti ripoti za utafiti na kuzibaindi. Ukiwapelekea riwaya wataichapa pia, na kwa mwandishi asiye na mchapishaji huo ndio mlango wa karibu. Sitaji duka kwa jina, maana mashine zinafanana na makosa yanafanana.

Uamuzi wangu nautanguliza. Kwa nakala 10 hadi 50 za kuwapa watu wasome, waandike maoni pembeni na kuzirudisha, huduma hii inatosha na inafaa kuliko kukimbilia kiwanda cha uchapaji. Kwa kitabu cha kuuza dukani bado haijafika, na sababu ni jalada na gundi. Anayepeleka mswada wake huko akitarajia kurudi na kitabu kilichokamilika atavunjika moyo. Akienda kutafuta toleo la wasomaji atarudi ameridhika.

Tuanze na ndani. Printa za leza za maduka haya hutoa herufi nyeusi, kali, zinazosomeka vizuri kwa ukubwa wa pointi 11. Kasoro nyingi zinazoonekana kwenye kurasa hazitoki kwenye mashine, zinatoka kwenye faili la mwandishi. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia, kompyuta huchagua nyingine, mistari inahama, sura ya tano inaanzia ukurasa mwingine na yaliyomo yote yanakuwa ya uongo. Peleka PDF iliyobeba fonti zake ndani, yenye ukurasa wa A5 tangu mwanzo, yaani milimita 148 kwa 210. Mwambie anayeprinti achague ukubwa halisi, asikubali programu ibane ukurasa utoshee karatasi. Pambizo ya ndani iwe milimita 20 na ya nje 15, kwa sababu mashine ya gundi hukwangua milimita mbili hadi tatu za mgongo kabla ya kubandika.

Kiswahili kina shida yake ya mpangilio ambayo watu wa steshenari hawawezi kuiona kwa niaba yako. Maneno yetu ni marefu. Ukinyoosha mistari pande zote mbili kwenye ukurasa mdogo wa A5, neno kama “waliokwishamkaribisha” linashuka mstari wa chini na kuacha mapengo makubwa juu yake. Ukiwasha ukataji wa maneno wa kanuni za Kiingereza ndiyo balaa kamili: “nyumba” inakatwa nyum-ba na “ng’ombe” inakatwa ng’om-be, ilhali silabi zetu ni nyu-mba na ng’o-mbe. Weka lugha ya maandishi yote kuwa Kiswahili kwenye Word. Hapo, kama Word yako ina kikagua tahajia cha Kiswahili, ile mistari myekundu chini ya kila neno itapungua na makosa ya kweli yatajitokeza. Kwa nakala za wasomaji napendelea upande wa kulia uachwe bila kunyooshwa. Hauna urembo, lakini jicho halikwami. Kagua pia alama ya ng’: mswada ulioandikwa nusu kwenye simu na nusu kwenye kompyuta huwa na alama mbili tofauti, iliyopinda na iliyonyooka, na ukitafuta neno ili ulirekebishe, programu inakupa nusu tu ya mahali lilipo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hulipa zaidi bila kujua. Kopi inahesabiwa kwa upande wa karatasi ya A4, na upande mmoja wa A4 unabeba kurasa mbili za A5. Riwaya ya kurasa 200 ni pande 100 za A4, sawa na karatasi 50. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa nakala 10, na nakala 30 ni rimu tatu. Ongeza nusu rimu ya zitakazoharibika. Ukisema tu “kurasa 200” kaunta, utapigiwa hesabu ya kopi 200. Sema hivi: “Naomba A5 mbili kwenye A4, mbele na nyuma, jumla pande mia moja.” Kisha taja uzito wa karatasi. Gramu 80 ndiyo sahihi. Gramu 70 ni nafuu kidogo, lakini maandishi ya nyuma hupenya mbele, na msomaji anayesoma usiku kwa taa hafifu huchoka mapema.

Njia rahisi ya kupanga ni kuweka ukurasa uleule mara mbili kwenye karatasi moja, ili kila mzunguko utoe nakala mbili pamoja zikikatwa katikati. Karatasi ikiwa imelala, mashine iambiwe igeuze kwa upande mfupi, vinginevyo kila ukurasa wa pili utakuwa kichwa chini. Usiruhusu ziprintwe zote kwa mkupuo. Toa karatasi nne za kwanza, zikate, zipange, zifungue kama kitabu, ndipo useme endelea.

Jalada ndilo linalowashinda wengi, na sababu ni ya hesabu tupu. Karatasi moja ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Kurasa 200 ni karatasi 100 za A5, kwa hiyo mgongo ni milimita 10. Jalada zima basi ni 148 na 10 na 148, jumla milimita 306, na ukiongeza milimita 3 za kukatwa kila upande unapata 312 kwa 216. A4 ina urefu wa 297. Haitoshi! Duka lenye printa ya A4 pekee litakubania jalada lako au litakutengenezea vipande viwili vilivyounganishwa na utepe mgongoni, kama ripoti. Uliza kwanza kama wana mashine ya rangi ya A3 inayokubali kadi ya gramu 250 hadi 300. Kama hawana, chapa ndani kwao na jalada kwingine.

Kulamineti nako kuna mtego. Mashine ya kulamineti vitambulisho hufunika pande zote mbili kwa plastiki ngumu, na jalada la namna hiyo halikunjiki wala halishiki gundi. Kinachotakiwa ni plastiki nyembamba ya rola upande wa nje tu. Pia kadi ipigwe mstari wa mkunjo kabla ya kukunjwa. Bila mstari huo, wino wa unga wa printa ya leza hupasuka mgongoni na kuacha ufa mweupe kwenye jina la kitabu, hasa jalada likiwa la rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea.

Gundi naipa alama mbili kati ya tano, na baridi yetu inachangia. Gundi ya moto inayotumika kwenye mashine ndogo inatakiwa iyeyuke vizuri na ipate sekunde kadhaa za kupenya kwenye nyuzi za karatasi. Asubuhi ya Juni au Julai huko Njombe, Mafinga au Mbeya, karatasi iliyolala kwenye chumba chenye baridi huigandisha gundi kabla haijapenya. Kitabu kinaonekana kizima kaunta, kisha kurasa za katikati zinaanza kuchomoka mmoja mmoja. Zaidi ya hayo gundi hii hukakamaa kwenye ubaridi, na mtu akikifungua kwa nguvu mgongo unakatika. Omba karatasi ziwekwe karibu na mashine zipate joto, mgongo ukwanguliwe hadi nyuzi zionekane, na kitabu kiachwe kimebanwa bila kufunguliwa hadi kesho yake.

Kuna jambo lingine ambalo nadra kutajwa: mwelekeo wa nyuzi za karatasi. A4 ya kawaida ina nyuzi zinazokwenda kwa upande wake mrefu. Ukiikata kupata A5, nyuzi zinakuwa zimelala kukatiza mgongo, kitabu kinakuwa kigumu kufunguka na kurasa zinajikunja mawimbi karibu na gundi. A3 yenye nyuzi za upande mrefu, ikikatwa vipande vinne, inatoa A5 yenye nyuzi sambamba na mgongo, na kitabu kinalala wazi mkononi. Kujua ni rahisi: chana karatasi pande mbili, unaochanika kwa mstari ulionyooka ndio mwelekeo wa nyuzi. Nyanda zetu za Juu Kusini zina kiwanda cha karatasi pale Mgololo, Mufindi, lakini hicho hutengeneza karatasi ya kahawia ya mifuko na vifungashio, kwa hiyo usitegemee kupata ya kitabu huko.

Faida kubwa ya nakala hizi ni maoni, na hapo ndipo thamani ya huduma nzima ilipo. Toleo hili usiliombee ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Namba hiyo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na ni ya kitabu kinachotoka rasmi. Mbele andika “Nakala ya wasomaji, haiuzwi” na uipe kila nakala namba kwa mkono, ujue ipi iko kwa nani. Wagawie kwa mafungu. Wasomaji watatu au wanne kwanza, urekebishe, ndipo wengine watatu. Msomaji husoma kwa macho mapya mara moja tu, na ukiwamaliza wote kwenye rasimu ya kwanza hubaki na wa kuipima ya pili.

Usiulize “umeipenda?” Kwetu hapa swali hilo lina jibu moja: hongera sana, umeandika vizuri. Adabu haimruhusu mtu kukuvunja moyo usoni, hasa akiwa shangazi au mwalimu wako wa zamani. Mwambie aandike tarehe pembeni kila anapoweka kitabu chini, aweke alama ya kuuliza anapolazimika kurudi nyuma kusoma tena, na mstari anaporuka aya. Halafu muulize mambo manne tu: ulifikia ukurasa gani, nani ulimchanganya na nani, ulianza kukisia mwisho ukiwa wapi, na ni tendo gani la mhusika hukuliamini. Aliyekirudisha bila kumaliza ni wa thamani kuliko aliyemaliza na kusifu. Mshukuru, chukua namba ya ukurasa, usimbishie.

Watatu kati ya watano wakikwama mahali pamoja, pale pana tatizo hata kama kila mmoja anatoa dawa yake. Amini mahali wanapopaonyesha, dawa itafute mwenyewe, na mara nyingi chanzo kiko kurasa 20 nyuma. Mmoja akilalamika peke yake kuhusu ladha, kwamba mapenzi ni mengi au machache, liweke kando. Ila akilalamika kuhusu ukweli, sikiliza hata akiwa mmoja. Riwaya inayogusa vita vya Lugalo vya 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani, ipitiwe na mtu wa Kalenga, yalipokuwa makao ya Mkwawa. Inayozungumzia kakao isomwe na mtu wa Kyela. Na msomaji mmoja atoke mbali, Tanga au Mwanza, akuonyeshe mahali ambapo salamu ya Kihehe au Kinyakyusa imeachwa bila chochote cha kumsaidia kuelewa.

Maoni yakusanye kwa mtu mmoja mmoja. Kundi la WhatsApp halifai, kwa sababu wa kwanza kuongea huwavuta wote. Ujumbe wa sauti wa mtu mmoja mmoja ni bora, kwani wengi husema kwa mdomo yale wasiyothubutu kuyaandika. Wasomaji usiwatumie PDF. Ikishaingia kwenye simu moja haina mwenyewe tena, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda nakala ya karatasi. Kwenye steshenari pia, simama hadi faili lako lifutwe kwenye kompyuta, na tumia flashi isiyo na kitu kingine, maana kompyuta hizo hupitiwa na flashi za mji mzima. Hakimiliki yako ipo tangu ulipoandika, kwa Sheria Na. 7 ya 1999. Hata hivyo cheti cha Ofisi ya Hakimiliki Tanzania kinasaidia pakitokea mgogoro.

Baada ya marekebisho ndipo ufikirie kiwanda, iwe Dar es Salaam au kwingine. Uchapaji wa ofseti, ule wa mitambo mikubwa ya kiwandani, unalipia bamba za kila fungu la kurasa kabla ya nakala ya kwanza kutoka, kwa hiyo chini ya nakala 300 hivi mara nyingi haulipi. Hupangwa kwa mafungu ya kurasa 16: riwaya ya 200 ipunguze iwe 192 au ifikishe 208, la sivyo utalipia kurasa tupu. Na kabla ya kuchapa kwa wingi soma masharti ya tuzo za uandishi unazozilenga, maana baadhi hupokea miswada ambayo haijachapishwa tu.

Kama unakwenda steshenari mwaka huu, epuka Juni na Julai. Ndio msimu wa wanafunzi kukabidhi ripoti, foleni ni ndefu, fundi anabaindi harakaharaka na baridi iko kwenye gundi. Septemba na Oktoba maduka yana nafasi na hewa imeanza kupata joto. Nenda mapema asubuhi ukiwa na PDF, vipimo vya jalada kwenye karatasi na rula, na kabla ya kulipia salio fungua kila nakala katikati uvute kurasa mbili tatu. Inayochomoka irudishwe palepale.