Risiva ya Yamaha RX-V385 (used) kwenye spika zilezile za zamani: uzoefu wangu hapa Kigoma

Miaka minne nimezilaumu spika bure. Hom thieta yangu ni zile za kununua na boksi lake zima, spika tano na sabufa, na juu ya boksi wameandika wati 1000 kwa herufi kubwa. Geuza mashine nyuma sasa: inakula umeme wati 95. Mashine inayokula 95 itatoa 1000 kwa uchawi gani?

Kero yangu ilikuwa maneno. Muvi ikilipuka, vyombo vinatetema kabatini. Watu wakianza kuongea, unatafuta rimoti. Mama watoto alishazoea kuniuliza, "Kasemaje?"

Mdogo wangu akanipatia risiva, yaani mashine inayopokea sauti ya TV na kuisukuma kwenye spika, hiyo RX-V385, Kariakoo, laki nne na nusu, akaituma kwa treni. Nilipoipokea stesheni, kitu cha kwanza niliangalia volti nyuma. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za 120, ukichomeka kwenye 230 yetu umeshaiunguza. (Huku mtaani kwetu Mwanga ukisema risiva watu wanaelewa king'amuzi. Jirani alikuja kuuliza nimepata chaneli ngapi.)

Plagi za spika hazikuingia, nikazikata, nikachuna nyaya. Halafu kuna kimaiki chake: unakiweka unapokaa, usawa wa sikio, risiva inapiga milio spika moja baada ya nyingine, inapima umbali na nguvu ya kila moja. Katikati ya kupima, mvua ikaanza kugonga bati. Kazi bure. Nikarudia saa tano usiku, watoto wamelala, feni nimezima.

Kesho yake kulikuwa na mpira. Nilimsikia mtangazaji akivuta pumzi kabla ya kutaja mfungaji. Spika ni zilezile! Maneno yanatoka katikati, chini ya TV, kelele za mashabiki zimekaa pembeni na nyuma yangu, na sauti nimeweka ya chini kuliko zamani.

Ila sabufa ilikuwa kimya kabisa. Sabufa za seti hizi nyingi hazina amplifaya (kikuza sauti) ndani, zinasukumwa na mashine yake ya zamani, na risiva hii inaipelekea sabufa signo tu, haiisukumi. Fundi alinifungia bodi ya amplifaya ndani ya boksi la sabufa kwa elfu sitini. Hilo ningelijua kabla, ningelipigia hesabu.

La pili ni kosa langu mwenyewe. Spika zangu zimeandikwa ohm 3 (ohm ni ukinzani wa spika; ukiwa mdogo, risiva inabeba mzigo mkubwa zaidi), na Yamaha wanataka kuanzia 6. Siku moja nilipandisha sauti wageni wakiwepo, nikagusa mfuniko wa risiva: kikaango. Nikashusha haraka, na tangu hapo sipiti nusu. Usiniige hapo. Kama spika zako ni za ohm ndogo, panga bajeti ya risiva na ya spika mpya pia.

Mama watoto siku hizi haulizi tena kasemaje. Anauliza hizo spika za ohm 6 ni shilingi ngapi.